Mgeni na siku ya kulirudisha jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyewahi kuiandika methali hii ubaoni, wala mwanafunzi asiyewahi kuambiwa aitungie kisa. Aghalabu huwa tunaieleza kama onyo kwa mgeni mvivu: ukarimu una kikomo, na anayekula sharti alime. Lakini kuna swali ambalo methali yenyewe haikuligusa, nasi walimu hatukuwahi kuliuliza. Je, mgeni akishalima, na siku yake ya kwenda kwao ikawadia, jembe hulirudishaje? Huliegemeza ukutani na kushika njia? Humkabidhi mwenyeji mkononi? Na mavuno ya shamba alilolilima, fungu lake ni lipi, na nani hulipima?

Nauliza haya kwa kuwa wageni wanaopewa majembe siku hizi ni sisi wenyewe. Walimu wetu wanafundisha hisabati na sayansi katika shule za Marekani kwa viza za mabadilishano. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaajiri wahudumu wa afya kutoka huku. Madereva, walinzi na watumishi wa nyumbani wameenea kote katika nchi za Ghuba. Wanafunzi wetu nao, popote walipo, hufanya kazi za saa chache maktabani na katika mabweni ili kujikimu.

Kila mmoja wa hao ameandaliwa kwa safari. Amefunzwa kujibu maswali ya ubalozini, ameelezwa habari za baridi na namna ya kuvaa, pengine hata ameimbiwa na kuombewa. Ama kwa hakika, mafunzo hayo ni mema. Ila yote ni mafunzo ya kuingia. Mafunzo ya kutoka mimi sijayasikia.

Hoja yangu leo ni moja. Kazi ya ugenini haiishi siku ya mwisho ya kuripoti kazini, bali siku hesabu zinapofungwa. Na yule asiyezifunga, mara nyingi kuliko tunavyodhani, si yeye anayempunja mwenyeji; ni yeye anayepunjwa.

Bahasha iliyochelewa

Nina rafiki ambaye tulifundisha pamoja katika shule moja ya upili kabla hajapata nafasi ya kwenda kufundisha kusini mwa Marekani. Alifika huko Agosti 2018 kwa mkataba wa miaka 3. Mshahara wake ulikuwa dola 4,000 kwa mwezi, fedha ambazo kwa hesabu ya kijijini ni kama mvua ya masika, lakini ambazo huko humalizwa na kodi ya nyumba, gari na bima kabla mwezi haujatimia.

Juni 2021 mkataba ulipokwisha, alifanya kila jambo ambalo mtu mwungwana hufanya anapoondoka. Aliwaaga wanafunzi, akauza gari, akarudisha funguo za nyumba, akakata simu na kufunga akaunti ya benki. Akapanda ndege akiwa na mizigo miwili na moyo mweupe. Alijua kwamba hadaiwi na mtu.

Katikati ya mwaka 2022 akapokea bahasha iliyokuwa imezunguka kama barua ya posa. Ilikuwa imetumwa Januari kwenye nyumba aliyohama, ikakaa mlangoni, ikaokotwa na jirani, na hatimaye ikaletwa Nairobi na mtu aliyekuwa akija likizo. Ndani yake mlikuwa na karatasi ambayo Wamarekani huiita W-2. Kila mwajiri nchini humo anapaswa kuitoa kufikia Januari 31, nayo huonyesha mshahara wote wa mwaka uliopita na kila senti iliyokatwa.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe ulisomea huko. Hebu nitazamie hii. Wananidai?”

Niliitazama. Kisha nikamwomba anitafutie na zile za miaka ya nyuma, ambazo kwa bahati alikuwa amezihifadhi. Nilizisoma mara mbili kwa sababu sikutaka kusema jambo nisilokuwa na hakika nalo.

“Ndugu yangu,” nikamjibu, “hawakudai. Wewe ndiwe unayewadai.”

Jambo lenyewe ni hili. Marekani humkata mfanyakazi ushuru wa mapato, na pamoja nao humkata michango miwili: asilimia 6.2 ya hazina ya uzeeni, na asilimia 1.45 ya matibabu ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65. Lakini sheria inamsamehe michango hiyo mwalimu aliyekwenda kwa viza ya mabadilishano, kwa muda anaohesabiwa bado ni mgeni wa ushuru; na kwa mwalimu muda huo kwa kawaida ni miaka 2 ya kalenda. Mwanafunzi naye husamehewa kwa miaka 5 ya kalenda, maadamu kazi anayoifanya inaruhusiwa na viza yake. Hesabu ni ya mwaka wa kalenda, wala si ya miezi 12: aliyefika Agosti amekwisha kuutumia mwaka wa kwanza kufikia Desemba ya mwaka huo huo.

Kwa rafiki yangu, basi, msamaha ulianza Agosti 2018 ukaisha Desemba 31, 2019. Katika muda huo wote, miezi 17, mwajiri wake alimkata dola 306 kila mwezi kama anavyowakata wenyeji. Sidhani ilikuwa hila. Karani wa mishahara aliwaona walimu 100 katika orodha yake, akawakata wote sawasawa; huyu mmoja aliyekuwa tofauti hakusema, kwa kuwa hakujua. Dola 306 mara 17 ni dola 5,202.

Hapo ndipo uchungu ulipoingia. Dai la kurudishiwa fedha kama hizo lina muda wake, na kwa kawaida muda huo ni miaka 3 tangu Aprili 15 ya mwaka unaofuata mwaka wa makato. Dai la mwaka 2018 lilikuwa limekufa Aprili 15, 2022, wiki chache tu kabla bahasha haijafika. Dola 1,530 zilikuwa zimekwenda na maji. Zilizobaki, dola 3,672 za mwaka 2019, zilikuwa na uhai wa miezi michache.

Utaratibu ni kumwomba kwanza mwajiri azirudishe. Akishindwa au akikataa, mfanyakazi huiandikia idara ya ushuru kwa fomu namba 843 ikiandamana na namba 8316, nakala za viza, za pasipoti na za W-2. Rafiki yangu aliandika. Aliandika tena. Mwajiri alichukua muda mrefu kujibu, na jibu lenyewe likawa la kumwelekeza kwingine. Fomu zilitumwa kabla ya Aprili 2023, na baada ya kungoja sana, hundi ilikuja. Lakini alikuwa ameifunga akaunti yake ya Marekani, na benki yake ya hapa nyumbani ikasita kuipokea hundi ya kigeni. Siku hizi jambo hilo limekuwa gumu zaidi, kwa kuwa tangu mwishoni mwa Septemba 2025 serikali ya Marekani imeanza kuachana na hundi za karatasi na kutaka malipo yake yapitie akaunti za benki.

Fedha hizo aliezekea nyumba ya mama yake. Zile nyingine, ambazo zingetosha saruji ya sakafu, zilibaki mikononi mwa watu ambao hawakuziiba. Walizishika tu, na mwenyewe hakuja kuzichukua.

Somo la wanafunzi linatokana na kisa hicho hicho. Mwanafunzi wa kigeni aliye Marekani anapaswa kuwasilisha fomu namba 8843 kila mwaka hata kama hakupata senti moja. Aliyepata mshahara huwasilisha ripoti ya mapato ya wageni kufikia Aprili 15, hata kama tayari yuko kwao akila embe. Anayeondoka Juni huwa amekatwa ushuru wa mapato kana kwamba angefanya kazi mwaka mzima, na kwa sababu hiyo mara nyingi hudai kiasi fulani. Asipowasilisha ripoti, hapewi. Serikali haimfuati mtu barabarani ili imrudishie chake.

Mwaka unaoisha Aprili 5

Tuvuke bahari twende Uingereza, ambako mambo ni tofauti lakini funzo ni lile lile. Huko mwaka wa ushuru hauanzi Januari. Huanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5. Mwanafunzi wa historia atafurahi kujua sababu. Zamani mwaka wa Waingereza ulianza Machi 25. Mwaka 1752 walipobadilisha kalenda yao walizifuta siku 11, na makarani wa hazina, ambao hawakutaka kupoteza mapato ya siku hizo, wakausogeza mbele mwaka wao wa hesabu. Hadi leo muuguzi kutoka Kisii au Machakos anakatwa ushuru kwa kalenda ya ugomvi wa karne ya 18.

Kila mkaazi wa huko anaruhusiwa kuchuma pauni 12,570 kwa mwaka bila kutozwa ushuru wa mapato. Kiasi hicho hugawanywa kwa miezi 12, na kinachozidi fungu la mwezi hutozwa asilimia 20 katika daraja la kwanza. Sasa tumchukue mfanyakazi anayelipwa pauni 2,500 kwa mwezi. Ameondoka mwishoni mwa Agosti. Tangu Aprili amelipwa mara 5, jumla pauni 12,500. Kila mwezi alikatwa takriban pauni 290, jumla takriban pauni 1,450. Lakini mapato yake yote ya mwaka huo wa ushuru hayakufika pauni 12,570! Iwapo hatapata mapato mengine huko kabla ya Aprili, basi zile pauni 1,450 zote ni zake.

Atazipataje? Kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni P45, ambayo mwajiri humpa kila mfanyakazi anayeacha kazi, ikionyesha alicholipwa na alichokatwa hadi siku hiyo. Ya pili ni P85, ambayo mwenyewe huijaza kuiarifu idara ya ushuru kwamba anaondoka nchini. Ana miaka 4 ya kudai baada ya mwaka wa ushuru kwisha. Michango ya bima ya taifa hairudishwi, lakini nayo haipotei bure: miaka yake huhesabiwa, na aliyefikisha angalau miaka 10 hupata haki ya pensheni ya serikali hata akizeekea Kakamega.

Hebu fikiria ni wangapi wameondoka Uingereza wakiwa wameitia P45 katika pipa la taka pamoja na magazeti ya zamani.

Kusikokatwa ushuru

Msomaji aliye na ndugu katika Ghuba atasema kwamba haya hayamhusu, kwa kuwa huko mshahara haukatwi ushuru. Ni kweli, ingawa nyakati zinabadilika. Mwaka 2025 Oman, nchi ambayo pwani yetu imeunganika nayo kwa damu na lugha, ilitangaza sheria ya ushuru wa mapato wa asilimia 5 kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, uanze kutozwa 2028. Ni matajiri wachache watakaoguswa; lakini ni mara ya kwanza kwa nchi ya Ghuba kuufungua mlango huo.

Hata hivyo, pasipo na ushuru hapakosi hesabu. Mdaiwa wa siku ya kuondoka huwa ni mwajiri. Katika Falme za Kiarabu, sheria iliyoanza Februari 2022 inampa mfanyakazi wa kampuni aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Haki zake zote anapaswa kulipwa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha. Aliyefanya kazi miaka 3 kwa mshahara wa msingi wa dirhamu 3,000 anastahili dirhamu 6,300, mbali na malipo ya likizo ambazo hakuzichukua.

Zingatia neno hilo: mshahara wa msingi. Kiinua mgongo hakihesabiwi kwa marupurupu ya nyumba na usafiri. Mwajiri anayeandika mshahara wa msingi mdogo na marupurupu makubwa amekwisha kukipunguza kiinua mgongo chako siku ile ile uliyotia saini kwa furaha. Kutoka kwako kulianza ulipokuwa ukiingia.

Tena zingatia saini ya mwisho. Kabla viza haijafutwa, mfanyakazi aghalabu hupewa karatasi ya kukiri kwamba amelipwa kila kitu. Tiketi iko mezani, ndege ni usiku, na karatasi imeandikwa kwa Kiarabu. Anayetia saini kabla ya kulipwa ameliuza dai lake kwa bei ya haraka. Watumishi wa nyumbani nao wana sheria yao mbali, na ndio wanaohitaji zaidi mtu wa kuwasomea karatasi hiyo kabla hawajaigusa kalamu.

Nchi nyingine hazimwachi mgeni aondoke kwanza ndipo zihesabu. Nchini Singapore mwajiri anapaswa kuiarifu idara ya ushuru angalau mwezi mmoja kabla mfanyakazi wa kigeni hajaacha kazi, na kuzishika fedha zote anazomdai mpaka idara itoe idhini, au siku 30 zipite. Asiyejua hilo hujikuta mwezi wa mwisho hana mshahara, na huku mwenye nyumba anabisha hodi.

Kipande cha babu

Kuna watakaoniambia kwamba nafundisha utumwa wa makaratasi. Kwao ushuru wa ugenini ni mzigo wa kukwepwa, na aliyekwisha kuondoka amekwisha. “Watatufuata wapi?” huuliza, na wanaowasikiliza hucheka.

Siwalaumu upesi, maana sisi Wakenya tuna historia ndefu na chungu kuhusu karatasi za kazi. Serikali ya kikoloni iliwatoza babu zetu kodi ya kibanda ili, miongoni mwa mengine, walazimike kuyaacha mashamba yao na kwenda kutafuta mshahara kwa walowezi. Kisha ikaleta kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikibeba ndani ya kikebe cha chuma. Mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuiacha. Mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, mtu huyo hakuwa ameacha kazi. Alikuwa ametoroka, na mtoro alitafutwa akashtakiwa. Harry Thuku na wenzake walipopaza sauti mwaka 1921 na 1922, kipande na kodi vilikuwa katika mstari wa mbele wa malalamiko yao.

Kwa hivyo mjukuu anayeidharau karatasi ya kuacha kazi ana urithi wa dharau hiyo. Lakini afadhali atofautishe. Kipande kilikuwa karatasi ya mwajiri juu ya mfanyakazi. Kilimnyima njia ya kutoka. W-2, P45 na hesabu ya kiinua mgongo ni karatasi za mfanyakazi juu ya mwajiri na juu ya serikali. Humpa njia ya kudai. Babu alipigania asifungwe na karatasi. Mjukuu akiitupa karatasi yake hajawa huru kuliko babu. Amemwachia mwenye nguvu fedha zake na ushahidi wake kwa pamoja.

Na lile swali la “watatufuata wapi” lina jibu. Hawatafuata. Watangoja. Anayeomba viza tena, au anayetaka ukaazi wa kudumu, huulizwa habari za miaka aliyokaa huko, na maafisa wa uhamiaji huweza kuzilinganisha na kumbukumbu za ushuru. Aliyeondoka akiwa na deni hulikuta limezaa faini na riba. Vilevile, mwajiri aliyeachwa na Mkenya mmoja bila taarifa humkumbuka anapoliona ombi la Mkenya wa pili. Jembe lililotupwa kichakani humtia lawama mgeni ajaye, ambaye hata hakulishika.

Hesabu za nyumbani

Haitoshi kufunga hesabu za ng'ambo ukiziacha za nyumbani wazi. Rafiki yangu yule alipokuwa akipigania dola zake, aligundua kwamba huku nako alikuwa amenyamaza kwa miaka yote aliyokuwa nje. Alidhani namba yake ya ushuru ililala usingizi alipopanda ndege. Haikulala. Ripoti za mapato kwa mamlaka ya ushuru hutakiwa kufikia Juni 30 ya kila mwaka, na kwa mtu binafsi asiyewasilisha, faini haipungui Sh2,000 kwa kila mwaka. Si fedha nyingi. Lakini bila kuzilipa hakuweza kupata cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi ushuru, na bila cheti hicho kazi aliyokuwa ameomba haikumngoja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kenya humtoza mkaazi wa Kenya ushuru wa mshahara wake hata kama kazi aliifanya nje. Na mkaazi ni nani? Ni yule aliye na makao ya kudumu hapa na akawapo nchini siku yoyote katika mwaka huo. Au aliyekaa hapa siku 183. Au aliyekaa, katika mwaka huo na miwili iliyoutangulia, zaidi ya siku 122 kwa wastani kila mwaka. Mwalimu aliye na nyumba yake Nyeri na anayekuja kila Desemba asikimbilie kusema kwamba yeye si mkaazi. Afueni ni kuwa raia wa Kenya huruhusiwa kupunguziwa ushuru aliokwisha kulipa ugenini juu ya mshahara huo huo, mradi anao ushahidi. Na Uingereza tuna mkataba nayo, uliotiwa saini mwaka 1973, wa kuzuia mapato yale yale yasitozwe ushuru mara mbili. Na Marekani hatuna mkataba wa namna hiyo. Tazama basi jinsi karatasi ile ile, W-2 au P45, inavyohitajika pande zote mbili za bahari.

Kwa walimu kuna mlango mwingine wa kufungwa kwa adabu. Anayeondoka bila kujiuzulu, au bila likizo iliyoidhinishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, huhesabiwa mtoro. Mshahara unaoendelea kuingia akauntini baada ya yeye kuondoka si baraka, ni deni. Nimewaona waliorudi na shahada za juu wakakuta jina lao limeandikwa mahali pabaya kwa sababu ya barua moja ambayo hawakuiandika.

Tufundishe kutoka

Nini kifanyike? Kwanza, tunaofundisha tuanze darasani. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kukokotoa riba na mteremko wa mlima, lakini wangapi wameonyeshwa hati moja ya mshahara na kuulizwa kila kato ni la nini? Mfano wa yule aliyelipwa mara 5 Uingereza ni swali zuri la hisabati kuliko mengi yaliyomo vitabuni, na mwenye kulijibu leo huenda akajilipia nauli kesho.

Pili, mashirika yanayopeleka watu ng'ambo, na maafisa wa serikali wanaoandika mikataba ya kuwaajiri Wakenya, waweke ukurasa wa kuondoka. Mkataba unaoeleza kwa kirefu namna mtu atakavyochukuliwa, lakini hauelezi ataachiliwaje na atalipwa nini siku hiyo, umeandikwa nusu.

Tatu, msafiri mwenyewe ajipange mapema, miezi 3 kabla ya kuondoka. Aandike barua ya kuacha kazi kwa muda unaotakiwa na mkataba. Aombe hesabu ya mwisho kwa maandishi. Amwachie mwajiri anwani itakayodumu, si ya nyumba anayoihama. Asiifunge akaunti ya benki kabla fedha za mwisho hazijaingia. Ahifadhi hati za mishahara za miaka yote, na nakala yake awe nayo mtu mwingine. Asitie saini ya kwamba amelipwa kabla hajalipwa.

Rafiki yangu amerudi darasani siku hizi, katika shule isiyo mbali na yangu. Mwezi jana binti mmoja aliyesoma kwake alikuja kumwaga kabla ya kwenda kusoma Marekani. Walimu wenzake wakampa binti yule mawaidha ya kawaida: shika masomo, usituaibishe, mkumbuke Mungu. Yeye alimpa faili la plastiki, tupu, lenye mfuko wa kufungwa kwa kifungo.

“Kila karatasi watakayokupa yenye jina lako na tarakimu, mwanangu, itie humu,” akamwambia. “Hata usiyoielewa. Hasa usiyoielewa.”

Binti alicheka kidogo, kwa heshima, akalipokea kwa mikono miwili.